Jasho la Li Na

Mwaka 2002, msichana wa miaka 20 alifungasha vitu vyake katika bweni la timu ya taifa ya tenisi ya China jijini Beijing, akaacha mezani barua ya kuomba kustaafu, akashika njia. Kustaafu, kwa umri huo! Wenzake wa Ulaya na Marekani ndiyo kwanza walikuwa wakianza kutajwatajwa magazetini. Yeye alirudi kwao Wuhan, akajiandikisha chuo kikuu kusomea uandishi wa habari.

Uchovu wake ulikuwa na historia ndefu. Li Na alizaliwa Wuhan mwaka 1982, binti pekee wa Li Shengpeng, mchezaji wa vinyoya aliyekatiwa njia na Mapinduzi ya Utamaduni. Kile ambacho baba hakukipata, binti alitakiwa akitafute, na hata miaka sita alikuwa hajavuka alipokabidhiwa raketi. Baada ya miaka michache makocha wakaamua kwamba mwili wake unafaa tenisi zaidi ya vinyoya, wakamhamisha. Ulikuwa mchezo ambao Wachina wengi wakati huo hawakuwahi hata kuuona ukichezwa. Lakini tenisi ilikuwa imerudishwa kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na penye medali, serikali ya China haikosi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: shule za michezo huchagua watoto mapema, serikali ikawalisha, ikawalaza, ikawalipia makocha na nauli. Mtoto naye hulipa kwa ushindi. Kocha wa Li Na, Yu Liqiao, alikuwa wa shule ile ya zamani inayoamini kwamba sifa humharibu mtoto. Li Na mwenyewe amesimulia kwamba miaka tisa ilipita bila kusikia kwake neno moja la kumpongeza. Alipofika miaka 14, baba yake akafariki kwa maradhi ya moyo. Mwaka uliofuata akaitwa timu ya taifa. Kuanzia hapo ratiba yake, kocha wake na mashindano ya kwenda vilipangwa na watu wa ofisini.

Sasa mtu wa namna hiyo akiacha barua mezani, anaacha nini hasa? Kwa macho ya wakubwa, aliondoka na mali ya umma: mikono miwili iliyogharamiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Jiang Shan, mchezaji mwenzake aliyekuwa mpenzi wake, alikwenda naye chuoni. Walioana mwaka 2006.

Aliyemrudisha uwanjani alikuwa Sun Jinfang, nahodha wa zamani wa timu ya wanawake ya voliboli iliyotwaa ubingwa wa dunia, ambaye sasa alikuwa amekabidhiwa tenisi ya nchi nzima. Li Na alirudi mwaka 2004 akiwa ameporomoka mno kwenye orodha ya ubora. Mwaka huohuo akaingia mashindano ya Guangzhou kwa mlango wa nyuma, yaani kupitia mechi za mchujo, akatoka na kombe. Hakuna Mchina aliyewahi kushinda taji la WTA, chama cha tenisi ya wanawake, la mchezaji mmoja mmoja kabla yake.

Hata hivyo, ofisi ya tenisi ya taifa ilipenda zaidi mechi za wawili wawili, na ilikuwa na sababu. Huko ushindani ni mdogo na medali ziko karibu. Li Ting na Sun Tiantian walikuwa wamepata dhahabu ya Olimpiki ya Athens wiki chache tu kabla ya Guangzhou, na mwaka 2006 Zheng Jie na Yan Zi wakabeba mataji ya Australian Open, kule Melbourne, na Wimbledon. Li Na mwaka huo alifika robo fainali ya Wimbledon, tena peke yake, na mwaka 2008 akamtoa Venus Williams kwenye Olimpiki ya Beijing kabla ya kumaliza wa nne. Olimpiki ilipokwisha, presha ya medali ikashuka, na hapo ndipo mlango ukafunguka kidogo.

Wachina waliuita mpango ule *danfei*, kuruka peke yako. Li Na, Zheng Jie, Yan Zi na Peng Shuai waliruhusiwa kujichagulia makocha, kujipangia safari na kubaki na fedha zao. Hesabu ndiyo inayosema yote. Zamani asilimia 65 hivi ya zawadi ilichukuliwa na serikali. Sasa wangetoa kati ya asilimia 8 na 12. Lakini hoteli, tiketi za ndege, mshahara wa kocha na matibabu ya goti vyote vikawa juu yao. Kwa mchezaji wa miaka 26 aliyekwishapasuliwa goti, ile ilikuwa bahati nasibu, na sidhani kama wengi wetu tungethubutu kuicheza.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 2010 aliingia kumi bora ya dunia, na Januari 2011 akafika fainali ya Melbourne, akapoteza kwa Kim Clijsters huku akiwachekesha watazamaji kwa visa vya mumewe anayekoroma. Juni 4 mwaka huo, kwenye udongo mwekundu wa Paris, katika fainali ya French Open, akamfunga Francesca Schiavone 6-4, 7-6, na katika pointi za kuamua seti ya pili hakumwachia hata moja. Watu wapatao milioni 116 walikuwa mbele ya televisheni nchini China. Mwakilishi wa nchi ya Asia alikuwa ametwaa taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja kwa mara ya kwanza.

Kisha akapwaya zaidi ya mwaka mzima, hadi Agosti 2012 alipomchukua Carlos Rodríguez, kocha aliyemlea Justine Henin. Fainali ya Melbourne ya Januari 26, 2013, dhidi ya Victoria Azarenka, ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, ingawa alishindwa. Alichukua seti ya kwanza. Katika ya pili akateguka kifundo cha mguu, akafungwa bandeji, akaendelea. Seti ya tatu ikasimamishwa ili fataki za sikukuu ya taifa la Australia zirushwe. Wachezaji waliporudi, pointi ya kwanza kabisa, mguu uleule ukamsaliti na kisogo kikagonga sakafu. Daktari akapiga magoti, akamwambia afuate kidole kwa macho. Li Na akacheka. Uwanja mzima umeshika pumzi, yeye amelala chini anacheka kidole!

Nyumbani uhuru wake huo haukumpendeza kila mtu. Mei mwaka huo alipotolewa mapema Paris, mwandishi wa habari Mchina alimtaka aseme neno kwa mashabiki. Akajibu kwa kuuliza kama anatakiwa awapigie magoti. Magazeti yakamrarua.

Januari 2014 akarudi Melbourne. Raundi ya tatu Lucie Šafářová alibakiza pointi moja amtoe, akapiga nje kidogo. Siku chache baadaye Li Na akamfunga Dominika Cibulková 7-6, 6-0 na kutwaa kombe. Jukwaani akamshukuru wakala wake kwa kumtajirisha, kisha akamwambia mumewe kwamba ana bahati kumpata mke kama yeye.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Alipotua Wuhan, viongozi wa jimbo la Hubei walikuwa wanamsubiri na hundi ya yuani 800,000. Tazama picha ya tukio lile: wakubwa wanatabasamu, hundi imeinuliwa, na Li Na, yuleyule aliyecheka akiwa ameanguka, uso umekauka. Wananchi wengi walikasirika, wakihoji kwa nini fedha ya umma ipewe tajiri aliyekwishajitoa kwenye mikono ya serikali. Nani alimtunza nani siku ile, hata picha haisemi.

Februari akawa wa pili duniani, cheo ambacho hakuna Mwaasia aliyekuwa amekifikia kabla yake. Julai akafanyiwa upasuaji wa nne wa magoti, na Septemba 19 akatangaza kustaafu. Safari hii barua aliiandikia umma. Mwezi huohuo mashindano makubwa ya wanawake yalifanyika Wuhan kwa mara ya kwanza, na mabango ya mji yalikuwa tayari. Jina lake halikuwemo kwenye ratiba.