Mkojo wa Paka: Historia ya Ushahidi Uliofukiwa

Vitabu vingi vya historia huzungumzia wafalme, vita na mikataba. Insha hii inahusu jambo dogo lisilo na mnara wala sikukuu: namna binadamu alivyojifunza kukinga mkojo wa paka nyumbani ili umfikie daktari wa mifugo. Hoja yangu ni kwamba kazi hii ina ugumu wa aina mbili. Mmoja umetokana na maumbile ya paka, na wa pili tumeuleta wenyewe kwa kutafuta starehe.

Kwanza tuutazame mkojo wenyewe. Kwa karne nyingi ulikuwa kitabu cha tabibu. Ibn Sina, katika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu cha mwanzoni mwa karne ya 11, aliweka masharti ya kuuchukua: uwe wa asubuhi, uwekwe katika chombo safi kinachoonyesha rangi yake, na usikae muda mrefu kabla ya kuangaliwa. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa mgonjwa wa kisukari ni mtamu kana kwamba umetiwa asali. Alijuaje? Uliwahi kuonjwa. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa namna hiyo kwa moto, akabaki na masalio yenye ladha ya sukari. Naye Richard Bright wa London, mwaka 1827, alionyesha uhusiano kati ya ugonjwa wa figo na mkojo unaoganda ukipashwa moto. Kipimo hicho kiliweza kufanywa kwa kijiko na mshumaa. Hatimaye, mwaka 1956, vijikaratasi vya Clinistix vilianza kuuzwa Marekani. Mtu alichovya kijikaratasi, na rangi ikamwambia kama mna sukari.

Matabibu hao wote walikuwa na bahati moja: mgonjwa wao aliweza kuambiwa akojoe humu. Paka haambiliki. Zaidi ya hayo, wahenga wake ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, hivyo figo zake hubana maji sana na mkojo wake huwa mchache na mzito. Akishamaliza, huufukia. Ni kama shahidi anayechimbia barua yake ardhini.

Huo ndio ugumu wa kwanza. Wa pili ulianza mwaka 1947 katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Marekani. Majira ya baridi mchanga ulikuwa umeganda, na mama mmoja aliyefuga paka alichoshwa na majivu, kwa maana paka alikuwa akiacha nyayo nyeusi nyumba nzima. Jirani yake, Edward Lowe, ambaye familia yake iliuza bidhaa za kunyonya mafuta na maji viwandani, alimpa udongo mkavu unaonyonya sana. Harufu ilipungua, nyayo zikaisha, na Lowe akaanza kuuza udongo huo katika mifuko. Paka akapata makao ya kudumu ndani ya nyumba. Lakini udongo ulionyonya mkojo ulinyonya na ushahidi pia. Mwenye nyumba hakuona tena rangi wala damu.

Kwa hiyo ilibidi kurudi nyuma. Siku ya kuchukua mkojo, udongo ule huondolewa, sanduku huoshwa na kukaushwa vizuri, kisha hutiwa chembe za plastiki zisizonyonya au kuachwa tupu. Paka akimaliza, mkojo huvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kutiwa katika chupa safi. Wengine humvizia kwa nyuma na kumwekea upawa polepole. Masharti ya Ibn Sina bado yapo: chombo safi, na mkojo umfikie daktari mapema, la sivyo ukae kwenye friji kwa saa chache tu. Hata hivyo, daktari akitaka kutafuta bakteria, mkojo wa sandukuni hautoshi kwa kuwa umeshagusa uchafu. Yeye huuchota kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu.

Je, haya yana uzito gani? Yana uzito wa uhai. Paka dume ana mrija mwembamba wa mkojo. Ukiziba, sumu hujaa mwilini naye huweza kufa katika siku chache. Huchuchumaa mara kwa mara, hulia, na hakuna kinachotoka. Watu wengi hudhani amefunga choo. Hapo hakuna haja ya kusubiri mkojo: huko kukosekana kwake ndiyo habari yenyewe, na paka apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwetu Uganda paka wengi hujisaidia nje, nyuma ya migomba, na udongo hufukia kila kitu bila kununuliwa dukani. Ndiyo maana paka akifa husemwa tu kwamba alikula sumu ya panya. Pengine ni kweli. Lakini historia hii inatufundisha kwamba kabla ya dawa na kabla ya kipimo, kulikuwa na mtu aliyejali kutazama.