Sehemu ya 6: Akizeeka kazini, nani atamstaafisha?

Sehemu iliyopita tuliongelea mtoto anayechelewa kukaa na kuongea. Mama mmoja akaniandikia pembeni: "Sista, wangu ana ulemavu wa akili. Nimekubali. Atakua, atafanya kazi. Je, akizeeka?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Leo nalijibu kwa historia, na tunaanzia hapa hapa Kariakoo.

Hilo jina lenyewe ni la watu wa mizigo. Waingereza walipouchukua mji huu mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, hapa paliwekwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wetu ukaifanya Kariakoo. Wapagazi walibeba risasi na chakula, wakafa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi ujira wao haukuwafikia ndugu zao. Walihesabiwa mradi mgongo unabeba. Mgongo ukichoka, kwaheri.

Sasa pita Mtaa wa Kongo au Tandamti asubuhi. Utamwona kaka anayefagia mbele ya duka, anayemchotea maji mama lishe, anayesukuma mkokoteni na mwenzake. Baadhi yao wana ulemavu wa akili. Mtaa mzima unawajua kwa majina ya utani. Wanalipwa kwa siku, wengine kwa sahani ya wali. Kazi wanafanya, tena ngumu, ila hakuna karatasi inayosema hivyo.

Na pensheni, mama, inafuata karatasi. NPF ilianzishwa mwaka 1964, na sheria ya 1997 ikaigeuza kuwa NSSF. Mwajiri na mfanyakazi wanachangia, jumla asilimia 20 ya mshahara. Ukifika miaka 60 na umechangia miezi 180, unalipwa kila mwezi. Asiyeandikwa popote hayumo, hata kama amebeba maboksi miaka 30.

Mwaka 1982 yalitokea mambo mawili. La kwanza, serikali ilianza elimu kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Wasioona walikuwa na shule Buigiri, Dodoma, tangu 1950, na viziwi Tabora tangu 1963. Hawa wetu ndio walisubiri zaidi. La pili, ilitungwa sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi. Sheria mpya ya mwaka 2010 ikasema wafanyakazi 20, asilimia 3.

Haya, piga hesabu. Duka la Kariakoo lina wafanyakazi wangapi? Watatu, wanne. Sheria ni nzuri jamani, ila kwa duka hilo inapita juu ya paa.

Hesabu nyingine: mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1982, leo amevuka 50. Yaani kizazi cha kwanza kilichopata darasa ndicho sasa kinakaribia uzee. Ndiyo maana hatuna mfano wa kuiga. Na hata wa kuzaliwa na Down wanaishi zaidi. Marekani mwaka 1983 wastani wao ulikuwa kama miaka 25, leo ni karibu 60. Zamani mama aliogopa kumzika mtoto. Siku hizi anaogopa kumwacha.

Nilianza kuliona hili baada ya soko kuungua, usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Lile jengo alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine. Kulikuwa na kaka mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akimbebea mama wa mbogamboga miaka mingi. Mama yule akahamia mbali, kaka hakuelewa. Kila asubuhi alikuja, akasimama kwenye uzio wa mabati mpaka adhuhuri, kisha akarudi nyumbani. Nyumbani wakasema amekuwa mkaidi, wakaanza kumfungia ndani.

Hakuwa mkaidi. Siku moja alipoteza kazi, chai ya saa nne, na watu wote wanaomwita kwa jina. Sisi tukistaafu tunaagwa, tunakabidhi ofisi, tunapigiwa simu. Yeye alikuta uzio tu.

Kule Sydney, Australia, watafiti wa chuo kikuu walijaribu njia tofauti. Mfanyakazi mwenye ulemavu wa akili anayezeeka haondolewi kazini ghafla. Anaacha siku moja kwa wiki, na siku hiyo anaingia kwenye kikundi cha kawaida cha mtaani, kama cha bustani au cha ufundi. Wanakikundi wenyewe wanafundishwa kumshika mkono mpaka azoee. Waliopita njia hiyo walipata watu wapya na kuridhika zaidi.

Hilo halihitaji dola. Kwaya ipo, darsa msikitini lipo, baraza la kahawa lipo, klabu za jogging zimejaa Dar na kila moja inahitaji mtu wa kugawa maji. Siku moja kwa wiki, angali na nguvu.

Wewe mwenye mtoto mdogo, anza hivi:

Cheti cha kuzaliwa sasa, kitambulisho cha NIDA akifika miaka 18. Bila hivyo hakuna mlango unaofunguka.

Akianza kulipwa, hata kidogo, ulizia NSSF. Wanapokea pia waliojiajiri, kwa hiari.

Azoeane na mtu wa pili asiye wewe: shangazi, jirani, binamu. Aende naye, arudi naye.

Akifika miaka 40 na kitu, hasa mwenye Down, akaanza kugoma kazi au kusahau, usiseme uvivu. Mlete apimwe macho, masikio na tezi ya shingo. Uzee kwao huwahi, hata ule wa kusahau.

Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 anapewa pensheni, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ulifanya kazi wapi. Mtu wetu wa mkokoteni angeingia humo. Bara bado hatuna. Tuliseme, sisi mama tukipanga foleni kliniki tuko wengi.

Yule kaka? Shangazi yake alimpeleka kwa mama wa mbogamboga mara tatu, kwa daladala ile ile, mpaka akaijua njia. Habebi tena. Anachambua mchicha, na anaitwa kwa jina lake.

Nani mtaani kwako anazeeka kazini hivi? Niandikie, sehemu ya 7 tutaanzia kwake.