Mishororo Mitatu Mbele ya Liyongo

Kijana akitoa shairi linalokumbusha la mtu mwingine, haichukui muda kabla ya kuambiwa ameiga. Mara nyingine tuhuma hiyo ni ya haki. Lakini nikisoma historia ya ushairi wa Lamu na Pate, nakuta washairi waliojenga waziwazi juu ya kazi za wenzao, na hakuna aliyewaita wezi. Walikuwa na bahari yake maalumu: takhmisa.

Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mshairi huchukua mishororo miwili ya aliyemtangulia, akaiacha ilivyo, kisha akatunga mitatu yake na kuitanguliza. Ubeti unakuwa na mishororo mitano. Ugumu uko kwenye vina, maana mitatu mipya hufuata kina cha mshororo wa nne, ambao ni wa yule wa kale. Mgeni anatangulia kusema, lakini kwa kina alichopangiwa na mwenye nyumba. Waarabu waliifanya sana kazi hii; Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ilitungiwa takhmisa nyingi.

Kwetu, takhmisa mashuhuri ni ile ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Huyu Sayyid ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, anayeuonya moyo wake usihadaike na dunia, akiyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Liyongo ni kinyume chake: shujaa anayejigamba, asiyeogopa mauti. Ningetarajia mcha Mungu yule atumie mishororo yake mitatu kumkemea. Hakufanya hivyo. Aliingia katika sauti ya shujaa na kuikuza, kisha akamwachia Liyongo neno la mwisho katika kila ubeti.

Heshima hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1870 Edward Steere alipochapisha Swahili Tales mjini London, shairi la Liyongo liliingia kitabuni likiwa ndani ya takhmisa. Maneno ya kale yalisafiri yakiwa yamebebwa na mapya.

Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alimrudia Liyongo kwa njia nyingine. Hakushika mishororo ya mtu, alishika kisa: mkate wenye tupa ndani yake uliopelekwa gerezani, na sindano ya shaba iliyomuua shujaa kwa mkono wa mwanawe. Akakipanga upya kwa beti za utenzi. Ndiyo sababu leo mwanafunzi anaweza kumfahamu Liyongo vizuri bila kuwahi kusoma shairi lake.

Kati ya njia hizi mbili, mimi huvutwa zaidi na takhmisa, kwa sababu deni lake linahesabika. Mitatu yangu, miwili yako. Mtunzi dhaifu anaumbuka papo hapo, kwani mishororo yake imesimama ubavuni mwa ile aliyoiazima. Kwa hiyo nikisikia kijana ameiga, swali langu ni moja: je, msomaji anaweza kuonyesha mahali maneno ya kijana yanapokomea na ya mwenzake yanapoanzia? Kama anaweza, tuanze kuzungumzia ubora wa ile mitatu.