Vikapu vya Menouthias: Maneno ya Bahari Kisiwani Jibondo

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, msafiri mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya bahari, ambao leo huitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Alipofika kwenye pwani yetu alikitaja kisiwa alichokiita Menouthias. Watu wake, asema, wana vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, nao huvua kwa vikapu wanavyovitega kwenye midomo ya mikondo ya maji. Wataalamu wangali wakivutana: wako wanaosema ni Pemba, wako wa Unguja, wako wa Mafia. Sina hoja mpya ya kuwaamua. Mimi kilichonivuta ni vile vikapu.

Nilivikuta Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini mwa Mafia. Maji baridi huko yalikuwa ya kukinga mvua, na yalipoadimika yalivushwa kwa madumu. Udongo nao ni haba, basi watu wake huishi kwa kuvua na kuunda vyombo. Tulitoka Utende kwa mashua ya tanga, tukiwa katika matembezi ya siku kadhaa ya kuzunguka visiwa, na kusi ikatukabili usoni. Nahodha akatuambia, "Leo tutabisha, bwana. Bahari haina njia ya mkato."

Kubisha! Kitenzi hiki twakitumia kwa mtu akataaye neno, na kwa mgeni agongaye mlango. Mabaharia hukitumia kwa chombo kinachokwenda dhidi ya upepo, kulia kisha kushoto, kikiiba hatua mbele kwa kila mgeuko. Sijui mshairi mwenye kutaka taswira zaidi ya hiyo atakwenda kuitafuta wapi.

Njiani tuliyaona magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Walikuja kwa makundi ya mitumbwi yenye matengo, yaani zile mbao za pembeni zinazokizuia chombo kisipinduke. Karibu na magofu hayo ngalawa mbili zilikuwa zikivua, nazo zina matengo. Umbo hilo lina nasaba na vyombo vya watu wa visiwa vya mashariki ya mbali, wale wale walioipeleka Bukini lugha yake.

Jibondo nilimkuta mzee amekaa kivulini akisuka. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," bila kuinua macho. Kazi iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa dema, ambalo wengine huliita lema: mtego wa fito nyembamba zilizosukwa kwa matundu, wenye mdomo unaopungua kuelekea ndani. Samaki huingia kwa wasaa, kutoka hapati. "Dema halimfukuzi samaki," akasema, "lamngoja." Nikamwuliza alijifunza kwa nani. Kwa babaye. Na babaye? Akacheka: "Wewe wataka nikutajie mpaka Nuhu?"

Nilitamani yule Mgiriki angekaa naye nusu saa, amwulize kitu hiki chaitwaje. Aliandika neno la kwao, kikapu, akaenda zake; jina la wenyewe likabaki ufukweni.

Hapa ndipo ninapogombana na kauli iliyozoeleka, kwamba Mswahili alifundishwa bahari na wageni. Wenye kauli hiyo huonyesha maneno, na maneno kweli yapo. Nahodha na nanga vyatoka Kiajemi. Usukani ni Kiarabu. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni Kiarabu. Vivyo hivyo demani, kamba ya kuzuia pembe ya nyuma ya tanga. Lakini teremsha macho kutoka mlingotini mpaka majini. Kuvua, mtego, wavu, mtumbwi, kafi, maji kujaa na kupwa: haya ni ya Kibantu, na jamaa zake huyasikia mpaka kwenye mito na maziwa ya bara. Mgeni alitupa majina ya kamba na madaraka ya chombo cha masafa. Alipofika, alimkuta mwenyeji amekwisha lowa.

Tanga lenyewe ni shahidi. Kitanga, ukiacha kile cha mkono, ni mkeka mdogo. Mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi pasi na msumari hata mmoja, ilisafiri kwa matanga ya mikeka, na ya mwisho ilikuwa ikionekana katika visiwa vya kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20. Kitambaa kilipokuja, mkeka uliondoka mlingotini ukaacha jina lake. (Wako wanaoyafungamanisha na mikeka hata matanga ya msiba. Yapendeza, ila sitalitilia muhuri.)

Jioni nilikaa na mzee ufukweni mashua ziliporudi. Nyingi zilikuja kwa mashine, tanga limekunjwa kama nguo ya sikukuu. Simlaumu mtu, anayerudi na samaki kabla hawajaharibika ana haki yake, na kubisha saa tano ni kazi ya kuitazama, si ya kuifanya kila siku. Mzee alimwita kijana mmoja, mjukuu wake wa kweli, akamwonyesha kamba iliyolala juu ya tanga lililokunjwa.

"Hii yaitwaje?"

"Kamba, babu."

"Kamba ya nini?"

Kijana akaitazama. "Ya tanga."

"Demani," mzee akasema. Kijana akalirudia neno, akauliza kama ndiyo ile demani ya msimu, kusi inapolegea. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamwambia aishike, aivute, aseme mwenyewe.