Umuravumba: Dawa ya Uani
Nchini Rwanda, tangu zama za wahenga, umuravumba hupandwa kando ya nyumba kuwa dawa ya homa na kikohozi. Hustawi kwa vipande vya matawi vilivyochomekwa ardhini, na maua yake ya kiangazi huwalisha nyuki.

Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Taifa kiliunda huko Butare kituo cha uchunguzi wa dawa za asili. Katika miaka hiyo wataalamu waliyachambua majani yake, wakapata kemikali yenye kuua bakteria. Maabara, basi, iliyakuta maarifa yamekwisha kutunzwa uani, kwa jembe na kwa jina.

Ndugu walimu, mti huu uking'olewa, jina nalo litatoweka vinywani mwa watoto. Likitoweka jina, nani ataiulizia dawa?