Behewa namba 132 na jeneza la msikiti wetu

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala, kamati ya msikiti wetu ilitangaza kwamba jeneza jipya la aluminiamu limewasili, na lile la mbao litaondolewa. Kuondolewa, kwa lugha ya kamati, maana yake ni kuni. Wazee wawili watatu waliguna, vijana wakainamia simu zao, na mambo yakaishia hapo. Mimi usiku ule sikulala vyema. Jeneza lile lilimbeba babu, likambeba baba, na kakangu nilimbeba kwa bega langu mwenyewe, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Nilipouliza lina umri gani, hakuna aliyejua. Nikauliza nani alilichonga, wala hilo halikujulikana. Mmoja wa wanakamati akanicheka: "Kwani mbao za maiti nazo zina tarehe, maalim?"

Zinayo. Mimi si maalim, nina diploma ya ufundi wa magari tu, kwa hivyo nitamjibu kwa mfano wa chombo chenye magurudumu.

Huko Uingereza kuna behewa la mbao linalojulikana kwa namba yake, 132. Lilijengwa mwaka 1919 katika karakana ya reli ya Ashford, Kent, na kampuni iliyoitwa South Eastern and Chatham Railway. Halikujengwa kwa ajili ya maiti. Lilikuwa behewa la vifurushi, yaani mizigo midogo inayofungwa pamoja na treni ya abiria. Lilikuwa la kwanza la aina yake, la majaribio, na baadaye yakajengwa mengine mengi kwa kufuata mfano wake. Lakini hilo la kwanza lilipewa safari tatu ambazo hayo mengine hayakupewa.

Safari ya kwanza ilikuwa Mei 1919. Maiti alikuwa Edith Cavell, muuguzi wa Kiingereza aliyefanya kazi Brussels wakati Ubelgiji iko mikononi mwa Wajerumani. Aliwasaidia askari wapatao 200 kutoroka, akakamatwa, akapigwa risasi alfajiri ya 12 Oktoba 1915. Vita vilipokwisha alifukuliwa, akavushwa bahari hadi Dover, na kutoka Dover hadi stesheni ya Victoria, London, akapakiwa ndani ya 132. Ndiyo sababu mpaka leo Waingereza huliita behewa la Cavell. Miezi miwili baadaye likambeba Charles Fryatt, nahodha wa meli ya kampuni ya reli aliyethubutu kuielekezea meli yake nyambizi ya Kijerumani ili aigonge. Naye Wajerumani walimuua kwa risasi, mjini Bruges, Julai 1916.

Safari ya tatu ndiyo iliyonishika. Tarehe 10 Novemba 1920 behewa lilimpokea Dover mtu asiye na jina. Waingereza walikuwa wamepoteza maelfu kwa maelfu ya vijana ambao miili yao haikutambulika, na mama zao hawakuwa na kaburi la kuzuru. Basi wakachukua mwili mmoja kutoka medani za Ufaransa, ambao hakuna aliyejua ni wa nani, wakaufanya uwe wa kila mama. Sanduku lake lilichongwa kwa mti wa mwaloni uliotoka bustani za Hampton Court. Paa la behewa likapakwa rangi nyeupe ili watu waliosimama njiani gizani walitambue likipita. Lilifika Victoria usiku, likaegeshwa jukwaa namba 8 likiwa na ulinzi mpaka asubuhi, na tarehe 11 akazikwa Westminster Abbey pamoja na wafalme.

Kisha behewa likarudi kubeba vifurushi.

Hapo nilitua kidogo nilipokuwa nikiisoma habari hii, kwa sababu ndivyo lilivyo jeneza letu. Linampeleka mtu makaburini, anateremshwa kwenye mwanandani, nalo linarudi tupu kusubiri mwengine. Si la tajiri wala la maskini. Na chombo kinachorudi kazini ndicho kigumu kukitambua baadaye. Gari la kifahari lililoundwa kwa ajili ya mazishi pekee, lenye nakshi na vioo, hata mtoto atajua ni la nini. Lakini behewa la mizigo limefanana na ndugu zake mia, na kila mwaka unaopita linaongezwa bawaba mpya, mbao mpya na rangi mpya.

Wanaotambua vyombo hivi huanza na namba, na namba nayo ina hila zake. Mwaka 1923 makampuni ya reli ya Uingereza yaliunganishwa yakawa manne, na mabehewa mengi yakapewa namba mpya. Mwaka 1948 yote yakawa mali ya serikali, namba zikaongezewa herufi. Anayejua kuzisoma hupata mengi. Chukua behewa lililombeba Winston Churchill mwaka 1965, ambalo limeandikwa S2464S. Herufi ya mbele inaonyesha ni kanda gani ya reli iliyokuwa ikilitunza, na ya nyuma inaonyesha lilitoka kampuni gani kabla ya serikali kulichukua. Hapo ziko S mbili zinazofanana kwa sura, kila moja na kazi yake.

Lakini namba peke yake ni shahidi mmoja, na sisi tunajua hata ndoa haifungwi kwa shahidi mmoja. Sahani ya chuma yenye namba hung'olewa ikauzwa, au ikapigiliwa kwenye chombo chengine. Kwa hivyo fundi hutafuta ushahidi unaokaa mwilini mwa chombo chenyewe: upana wa mbao, nafasi za milango, aina ya viungio, mashimo ya parafujo yaliyozibwa yanayoonyesha kitu fulani kiliwahi kufungwa mahali pale. Halafu anauweka kando ya picha za siku ile na daftari za karakana. Vyote vitatu vikikubaliana, ndipo anaposema ndilo.

Hilo la Churchill lina kisa chake. Lilikuwa behewa la mizigo tangu mwaka 1931. Serikali ilipopanga mazishi ya mzee, naye bado yu hai, lilipakwa rangi ya kahawia na maziwa lifanane na mabehewa ya kifahari ya Pullman ambayo lingefungwa nayo. (Usishangae. Wazee wetu wangapi wamerudi Makka na sanda zao zimeoshwa kwa maji ya Zamzam, zikawekwa sandukuni miaka ishirini?) Januari 1965 likambeba kutoka stesheni ya Waterloo mpaka Handborough, karibu na kijiji alikozikwa. Mwaka huohuo likauzwa Marekani, likaishia kwenye uwanja wa gofu huko City of Industry, jimbo la California. Lilirudishwa Uingereza mwaka 2007, likakarabatiwa, na mwaka 2015, miaka 50 baada ya mazishi, likawekwa kwenye makumbusho ya reli ya taifa mjini York pamoja na kichwa cha treni kilekile kilicholivuta.

Sasa ukarabati wenyewe. Hapa nitasema kama fundi. Watu wengi wakisikia kukarabati hufikiria kufanya kipya king'are, na hapo ndipo vitu vinapoharibiwa kabisa. Swali la kwanza ni siku gani unairudisha. Behewa 132 limeishi miaka mingi baada ya 1920, na miaka yote hiyo imeacha alama. Mafundi waliamua kulirudisha kwenye sura ya miaka ya 1919 na 1920, enzi za safari zile tatu, na kila uamuzi mwengine ukafuata huo. Kazi ilikamilika mwaka 2010, miaka 90 baada ya safari ya yule askari, na behewa liko mikononi mwa reli ndogo ya kumbukumbu ya Kent and East Sussex.

Mbao za behewa huoza kuanzia chini, pale maji ya mvua yanapotuama juu ya fremu ya chuma. Chuma kinapata kutu, kutu inavimba, na mbao zinasukumwa zipasuke. Fundi mvivu hubandika bati juu ya uozo, akapaka rangi. Bati linafungia unyevu ndani, na baada ya miaka mitano hukuti mbao, unakuta unga. Mwenye kuijua kazi hukata sehemu iliyooza tu, akaunga kipande cha mbao ya aina ileile kwa kiungio cha mshazari, akaiacha mbao ya asili iliyo nzima mahali pake hata ikiwa na makovu. Na kabla hajagusa rangi hukwangua kidirisha kidogo, ukubwa wa kiganja, tabaka baada ya tabaka, akiandika rangi gani iko chini ya ipi. Mashine ya msasa ni adui wa kazi hii. Kwa dakika kumi inafuta miaka mia.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu pekee. Pale makumbusho ya reli Nairobi kuna behewa ambalo mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa ndani yake na simba mwaka 1900, stesheni ya Kima. Limehifadhiwa, na watoto wa shule hulipanda. Simba wa Kima amepata kumbukumbu yake.

Waliokosa ni wengine. Vita vilevile vilivyompa Uingereza askari wake asiye na jina vilipiganwa huku kwetu pia, na waliobeba mizigo ya majeshi kwa vichwa vyao ni watu wa huku. Mitaa ya Kariakoo na Kariokor imepewa jina na kikosi chao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huko, mtu mmoja asiyejulikana anajulikana mpaka jukwaa aliloteremkia. Hawa wa kwetu tunapita mbele ya mnara wao pale Jomo Kenyatta Avenue tukikimbilia matatu.

Nilirudi msikitini Jumanne baada ya Isha, na binamu yangu ambaye ni seremala. Tulilipindua jeneza juu chini, tukaliangaza kwa tochi. Miguu miwili imewahi kubadilishwa, maana viungio vyake si vya mkono uleule. Rangi ya kijani tunayoijua ni ya juu tu. Tulipokwangua kidirisha chetu cha kiganja tulikuta kahawia, na chini ya kahawia mafuta matupu juu ya mbao. Na upande wa ndani wa boriti ya kati, mahali ambapo mkono wa mpakaji rangi haufiki vizuri, kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa patasi. Neno la mwanzo linasomeka bila shaka: wakfu. Baada yake kuna jina lililolika, na tarakimu nne ambazo mbili tu zinaonekana, moja na tatu. Ni mwaka wa Hijria, elfu na mia tatu na kitu.

Mali ya wakfu haiuzwi wala haipeanwi, na hilo kila aliyesoma chuoni analijua. Kikichakaa kinafanywaje, hilo ni la maulamaa na si la mwenye diploma ya magari. Nimewapigia picha kamati, nao wamekubali lisiguswe mpaka tumuulize kadhi. Aliyekuwa akinicheka ndiye aliyeshika tochi mara ya pili.

Kwa sasa liko ghalani, limeinuliwa juu ya matofali lisinyonye unyevu wa sakafu. Tunatafuta picha za zamani za mazishi ya mtaani kwetu, hata zilizofifia, hasa zinazoonyesha miguu ya jeneza na rangi yake. Aliye nazo asizitoe kwenye albamu. Aje nazo kama zilivyo baada ya Alasiri, nitazipiga kwa simu na kumrudishia papo hapo.