Protini nyingi na afya ya watunisha misuli: Lipi la kweli, lipi la kuogopwa

KATIKA vyumba vingi vya mazoezi ya kutunisha misuli kumeota mizizi imani kwamba kadiri mtu anavyokula protini nyingi ndivyo misuli yake inavyozidi kukua. Nje ya vyumba hivyo kuna imani nyingine, kwamba protini nyingi huharibu figo na kwamba kila anayekunywa unga wa protini anajichimbia kaburi.

Utafiti wa zaidi ya miaka 40 unaonyesha kuwa imani zote mbili zina kasoro. Kwa mtu mwenye figo nzima, protini yenyewe haijathibitika kuwa sumu. Hata hivyo, ipo hatari ya kweli kwa yule asiyejua hali ya figo zake, na kwa yule anayechanganya mlo huo na dawa za kukuza misuli.

Kazi ya protini mwilini

Protini ni kirutubisho kinachojenga na kukarabati mwili. Imeundwa kwa asidi amino za aina 20, ambazo tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, hivyo ni lazima zipatikane katika chakula. Vyanzo vyake ni nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, kunde, choroko, soya na karanga.

Mtu anaponyanyua vyuma, misuli huchochewa kutengeneza protini mpya, na chakula huleta malighafi ya kazi hiyo. Malighafi peke yake haitoshi. Anayekula protini nyingi bila mazoezi hapati misuli mikubwa.

Aidha, mwili hauna ghala la kuhifadhi protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Asidi amino zinazozidi mahitaji hupelekwa kwenye ini, ambako naitrojeni yake hugeuzwa kuwa urea. Figo huichuja urea hiyo kutoka kwenye damu na kuitoa kwa njia ya mkojo. Sehemu inayobaki hutumika kuleta nguvu au hugeuzwa kuwa mafuta. Hiyo ndiyo sababu mjadala wa protini nyingi umekuwa ukielekezwa kwenye figo.

Kiasi kinachohitajika

Ripoti ya mwaka 2007 ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilipendekeza gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni takriban gramu 66.

Mtunisha misuli anahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 2018, watafiti walichapisha katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza, British Journal of Sports Medicine, uchambuzi wa tafiti 49 zilizohusisha watu zaidi ya 1,800 waliokuwa wakifanya mazoezi ya uzito. Ilibainika kuwa kuongeza protini kulisaidia misuli kukua, lakini faida hiyo ilifikia kikomo kwenye wastani wa gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 80, kikomo hicho ni karibu gramu 128.

Hata hivyo, si ajabu kumkuta mtunisha misuli anayekula gramu tatu kwa kila kilo, yaani gramu 240 kwa siku. Kwa mujibu wa uchambuzi huo, sehemu kubwa ya ziada hiyo haiongezi misuli. Huongeza gharama ya chakula na kazi ya ini na figo.

Je, protini nyingi huharibu figo?

Hofu hii ilipata nguvu mwaka 1982, wakati Dk. Barry Brenner na wenzake wa nchini Marekani walipochapisha nadharia kwamba protini nyingi huongeza msukumo wa damu katika vichujio vya figo, na kwamba msukumo huo ukidumu kwa miaka mingi huweza kuvichakaza.

Ni kweli kwamba figo huchuja kwa kasi zaidi mtu anapokula protini nyingi. Suala ambalo watafiti wamelichunguza tangu wakati huo ni iwapo kasi hiyo ni ugonjwa au ni namna ya kawaida ya figo kukabiliana na kazi iliyoongezeka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wauguzi wanawake 1,624 wa Marekani kwa miaka 11. Wale waliokuwa na figo nzima hawakuonekana kudhurika kwa kula protini nyingi. Lakini kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimeanza kudhoofika kidogo, protini nyingi, hasa ya nyama, iliambatana na kushuka kwa kasi zaidi kwa uwezo wa figo.

Majaribio yaliyofanywa kwa wanaonyanyua vyuma yametoa matokeo yanayofanana na hayo. Katika jaribio moja la mwaka 2016, wanaume 14 wenye mazoezi ya muda mrefu walifuatiliwa kwa mwaka mzima wakila protini nyingi, na vipimo vyao vya figo, ini na mafuta ya damu havikuonyesha madhara. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa hilo lilikuwa kundi dogo, na mwaka mmoja ni muda mfupi kwa mtu anayekusudia kuishi hivyo kwa miaka 20.

Hatari ya kutojua

Ugonjwa sugu wa figo huendelea kimyakimya. Mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo bila kuhisi maumivu yoyote. Sababu zake kuu ni pamoja na shinikizo la damu na kisukari, ambayo nayo huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kugunduliwa.

Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia saba ya watu wazima wakiwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini kiwango kilikuwa asilimia 15, na vijijini asilimia mbili. Takriban mmoja tu kati ya kumi wenye ugonjwa huo ndiye aliyekuwa akijua kwamba anaumwa.

Maana yake kwa mtunisha misuli ni kwamba kujisikia mwenye nguvu hakuthibitishi kuwa figo ni nzima. Vipimo vya damu na mkojo ndivyo vinavyoweza kuthibitisha hilo.

Vipimo hivyo navyo vinahitaji uangalifu. Kreatinini, kipimo kinachotumika sana, hutokana na misuli. Mwenye misuli mikubwa, aliyekula nyama nyingi au anayetumia kreatini ya kuongeza nguvu anaweza kuonekana na kiwango cha juu hata kama figo zake ni nzima. Ni vyema amweleze daktari mapema, ili aangaliwe pia protini katika mkojo na, inapowezekana, kipimo cha sistatini C, ambacho hakiathiriwi sana na ukubwa wa misuli.

Chanzo cha protini

Jambo jingine ni protini hiyo inatoka wapi. Mwaka 2015, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ilieleza kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha ugonjwa huo.

Vilevile, utafiti wa mwaka 2004 uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12 ulionyesha kuwa waliokula nyama nyingi zaidi walipata jongo, ugonjwa ambao wengi huuita gauti, kuliko waliokula kidogo. Waliotumia maziwa kwa wingi waliupata kwa kiwango cha chini.

Kwa upande mwingine, mlo unaojaa nyama na mayai huku ukiacha mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa hukosa nyuzinyuzi, na mtu hufunga choo. Maharage na jamii ya kunde huleta protini na nyuzinyuzi kwa pamoja.

Unga wa protini na steroidi

Unga mwingi wa protini hutengenezwa kwa maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Hauna muujiza wowote, na kijiko chake kimoja kikubwa huwa na gramu 20 hadi 25 za protini, sawa na mayai matatu au manne. Mwaka 2010, jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima vinywaji 15 vya protini na kukuta vitatu ambavyo, vikinywewa mara tatu kwa siku, vingezidi kiwango cha usalama cha madini kama aseniki, kadimi au risasi.

Kubwa kuliko yote ni steroidi. Mwaka 2010, madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha taarifa za watunisha misuli 10 waliotumia steroidi kwa muda mrefu na kuugua figo. Tisa kati yao walikuwa na makovu katika vichujio vya figo. Wengi wa waliofuatiliwa walipata nafuu baada ya kuacha dawa hizo, na mmoja aliyezirudia aliugua tena. Steroidi pia hupandisha shinikizo la damu, huvuruga mafuta ya damu na kunenepesha misuli ya moyo.

Ushauri kwa mtunisha misuli

Kabla ya kuanza mlo wa protini nyingi, inashauriwa kupima shinikizo la damu, sukari, figo na mkojo, na kurudia vipimo hivyo kila mwaka. Aliyegundulika na tatizo la figo asipange mlo huo bila daktari.

Gramu 128 za mtu wa kilo 80 zinaweza kupatikana sokoni. Mayai matatu, glasi mbili za maziwa, gramu 200 za samaki au kuku aliyepikwa na sahani ya maharage hutoa takriban gramu 110. Ugali au wali, pamoja na karanga, hukamilisha zinazobaki. Ni vyema chakula hicho kigawanywe katika milo mitatu au minne, kiambatane na mboga na matunda, na mtu anywe maji ya kutosha.

Anayeona mkojo wenye povu lisilokwisha, uvimbe wa miguu au uso, au uchovu usioelezeka, asisubiri mashindano yaishe. Afike kituo cha afya mapema akapimwe.